Wiki ya 5 ya fildi ya uzamili wa TEHAMA Arusha, na bado natengeneza printa: naombeni ushauri

Mwanafunzi wa Usa River

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari hapa Arusha, na wiki hii ni ya 5 kati ya wiki 12 ninazotakiwa kukaa kazini kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Mwenyeji wangu ni kampuni ya utalii yenye ofisi mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu walionipokea ni watu waungwana na shida niliyo nayo si ya kumchafulia mtu jina.

Kwa wasioufahamu utaratibu wetu, mwanafunzi wa uzamili hapelekwi kazini kuangalia tu jinsi shughuli zinavyokwenda, kama tulivyofanya fildi za shahada ya kwanza, ambapo ukishajaza logibuku, yaani daftari la kazi za kila siku, na kugongewa muhuri mambo yalikuwa yamekwisha. Sisi tunatakiwa kulikuta tatizo halisi la mwenyeji, kulichunguza, kulitafutia ufumbuzi wa kiteknolojia, kuujaribu ufumbuzi huo mahali pale pale pa kazi, kisha kurudi chuoni kuutetea mbele ya jopo. Bila tatizo hakuna ripoti, na bila ripoti jina langu halitakuwamo kwenye orodha ya wahitimu.

Sasa tangu nifike mwanzoni mwa Julai nimekuwa fundi wa printa. Ghorofani kuna printa moja ambayo gurudumu lake la mpira limechakaa hadi linateleza kama sahani yenye mafuta, kwa hiyo halishiki karatasi, na kila asubuhi kabla ya saa 3 nafungua kifuniko, nalifuta gurudumu kwa kitambaa chenye maji kidogo, nalizungusha kwa kidole mpaka mpira uanze tena kukwaruza, na hapo ndipo vocha za hoteli zinaanza kutoka. Nikimaliza naitwa mapokezi kwa kuwa ruta imezima. Nikitoka mapokezi, mhasibu ananiambia mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, imegoma. Nilipomweleza meneja wa uhifadhi nafasi kwamba ningependa kumtengenezea mfumo wa kisasa wa kupangia safari, alinijibu kwa upole kabisa kwamba wanayo lahajedwali ya Excel inayowatosha, na kwamba kwa msimu huu hana hata nusu saa ya kukaa nami. Ukiangalia ofisi yenyewe huwezi kumlaumu, maana kati ya Julai na Septemba simu hazinyamazi na magari yanarudi kutoka Serengeti jioni ili yaondoke tena alfajiri.

Juzi msimamizi wangu wa chuo alikuja kunikagua. Alifungua logibuku, akapitisha kidole kwenye kurasa za wiki 4, kisha akauliza swali moja tu: "Utafiti uko wapi?" Sikuwa na jibu.

Ninaomba ushauri katika mambo 3. Kwanza, je, nihame? Kuna rafiki yangu aliye katika kampuni ndogo ya kutengeneza programu kule Njiro, na anasema wanaweza kunipokea. Pili, nina wenzangu ambao wanatengeneza miradi yao chumbani kwa kubuni tatizo, halafu wanaipeleka kwa mwenyeji wiki ya mwisho ili wapate barua ya kuthibitisha. Je, hilo linakubalika? Tatu, mhasibu alishanipa nywila ya kompyuta yake ili nisimsumbue kila ninapotaka kuangalia mtandao, na humo ninaweza kuziona lahajedwali zote za miaka 2 iliyopita pamoja na nakala za pasipoti za wageni. Nikizinakili kwenye kompyuta yangu nikazichambue nyumbani ili nilione tatizo lenyewe, nitakuwa nimekosea? Ada yangu imelipwa kwa mkopo ambao mama ameuchukua kwenye Saccos, kwa hiyo kurudia mwaka ni jambo ambalo sitaki hata kulifikiria.

Mzee wa Seva

Mdogo wangu, nianze na swali lako la tatu kwa sababu ndilo litakalokuponza kabla hayo mengine hayajakufikia: usinakili faili hata moja. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa za mtu zilizokusanywa kwa lengo fulani hazitumiki kwa lengo jingine kwa sababu tu zipo karibu. Mgeni aliyetuma nakala ya pasipoti yake alituma ili aombewe kibali cha kuingia hifadhini na chumba cha kulala, hakutuma ili awe sehemu ya ripoti yako. Na katika fomu hizo hizo za wageni huwa kuna maelezo ya nani ana kisukari, nani hali karanga, nani amefanyiwa upasuaji wa goti, mambo ambayo ni nyeti kuliko hata namba ya pasipoti. Isitoshe, nywila uliyopewa ni ya mhasibu na ruhusa ya mhasibu si ruhusa ya kampuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na siku jambo likiharibika mhasibu atasema alikupa ili uangalie mtandao tu, naye atakuwa anasema kweli. Kesho mrudishie, mwambie aibadilishe, wala usimweleze mengi.

Kuhusu kuhama, ushauri wangu ni kwamba ubaki, na nitakueleza sababu kwa sababu mimi nakaa upande wa pili wa meza. Nimekuwa msimamizi wa mifumo katika kampuni za hapa Arusha kwa miaka 14 na kila mwaka napokea vijana wa fildi. Kwenye seva yangu hivi sasa kuna mifumo 3 iliyotengenezwa na wanafunzi. Mmoja ulikuwa wa kuomba likizo, mmoja wa kufuatilia matairi, na mmoja hata mimi sikumbuki ulikuwa wa nini, kwa kuwa aliyeutengeneza aliondoka na nenosiri la kanzidata kichwani mwake. Yote 3 imekufa. Wale vijana hawakuwa wajinga, na yule wa matairi aliandika msimbo msafi kuliko wangu, lakini kila mmoja alikuja na mfumo wake ukiwa umeshaiva kichwani, akatafuta mahali pa kuutua. Meneja wako anaposema Excel inamtosha, huenda ameshawahi kuzika mifumo kama hiyo, na wewe umemjia na jibu kabla hujamwonyesha kwamba umelisikia swali.

Hiyo printa unayoidharau ndiyo kibali chako cha kuingia kila chumba. Mimi mkuu wa idara nikiingia ofisi ya uhifadhi nafasi watu wanakaa wima na kila kitu kinaonekana kinakwenda vizuri, ila kijana anayepiga magoti kufuta gurudumu la printa haonekani, na watu wanaendelea kugombana, kutafutana na kulaumiana mbele yake kama vile hayupo. Kwa hiyo wiki hii usiombe kikao na mtu yeyote. Chukua daftari dogo, kaa karibu na printa yako, na kila mtu anapoinuka kwenye kiti chake kwenda kumuuliza mwenzake jambo ambalo lilitakiwa liwe kwenye kompyuta, andika saa, andika aliuliza nini, na alijibiwa baada ya muda gani. Fanya hivyo siku 8 au 10. Majina ya watu usiyaandike.

Ukiona jambo linajirudia, hapo ndipo uende kwa meneja na ukurasa mmoja, wenye hesabu na si wenye ahadi, umwombe ruhusa ya maandishi ya kutumia lahajedwali zilizoondolewa majina, pasipoti, simu na barua pepe. Kuziondoa kufanyike kwenye kompyuta yao, na mtu wao awepo. Kwako wewe zinatosha safu za tarehe ya kuhifadhi, tarehe ya safari, idadi ya wageni, gari, na mara ngapi mpango ulibadilishwa.

Binti wa Kiboriloni

Namheshimu Mzee wa Seva, lakini naona anazungumza kama mwajiri, na mwajiri siku zote atakwambia ubaki. Mimi nilifanyia mafunzo yangu Moshi, katika ofisi ambayo nayo sitaitaja, nikakaa wiki 4 nikiandika barua na kupeleka bahasha, na kila nilipouliza kuhusu mradi nikaambiwa "subiri bosi arudi". Bosi alirudi, akaondoka tena. Wiki ya 5 nilihamia kwingine, nikamaliza, na ripoti yangu ilipita kwa marekebisho madogo. Gharama yake ilikuwa kwamba mwenyeji wa pili alikuwa Arusha, ni kama kilomita 80, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ilikula akiba yangu yote mpaka nikapata kitanda kwa binamu yangu anayeishi Sakina, hapo hapo Arusha.

Kwa hiyo mimi ningejipa mpaka wa wiki moja na nusu. Kama baada ya hapo hakuna hata mtu mmoja pale ofisini anayekubali kutajwa kama mhusika wa mradi wako, yaani mtu atakayeutumia na kukuambia umekosea wapi, basi hama, na uhame kwa barua inayopitia kwa msimamizi wako wa chuo, usitoweke tu. Kampuni ya programu pia ina mtego wake: huko utapewa kipande cha kazi ya mteja ambaye hutamwona, utaandika msimbo mzuri, na jopo likikuuliza mtumiaji alikuwa nani utatazama dari.

Jambo ambalo nilijifunza kwa machozi ni kuhusu nani anamiliki ulichotengeneza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za maandishi, lakini wewe si mwajiriwa, huna mkataba wa kazi, pengine hata posho hupewi, na wakati huo huo unatumia kompyuta yao, taarifa zao na saa zao. Mwenyeji wangu wa pili alinizuia kuweka picha za mfumo kwenye ripoti wiki moja kabla ya kuiwasilisha, akidai ni siri ya biashara. Tulimalizana, ila nililala kwa muda wa saa 3 tu kila usiku kwa siku 4 nikichora upya kila picha kwa data za kubuni. Kaa nao mapema, muandikiane ukurasa mmoja: wao wanaruhusiwa kuutumia mfumo bila kukulipa, wewe unaruhusiwa kuueleza katika ripoti na makala za kitaaluma bila kuwataja jina, na msimbo unabaki kwa nani. Muweke sahihi wote, na nakala moja ipelekwe chuoni.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Nimefundisha ngazi ya uzamili na kukaa kwenye majopo ya utetezi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu swali ambalo wawili waliotangulia wameliacha, yaani lile la miradi ya chumbani.

Tunaitambua. Hatuhitaji ujuzi wowote wa ajabu kuitambua, kwa kuwa kila mradi uliofanyiwa kazi mahali pa kweli una alama za kukwaruzwa na watu, na ule wa chumbani ni laini mwanzo hadi mwisho: watumiaji wote waliupenda, asilimia zote ziko juu ya 90, na changamoto pekee ilikuwa kukatika kwa umeme. Mimi huwa nina swali moja tu kwa mwanafunzi wa namna hiyo. Namuuliza ni nani pale kazini alikataa kuutumia mfumo wake, na kwa nini alikataa. Aliyekaa kazini kweli hujibu papo hapo, tena wengine hujibu kwa hasira ambayo bado haijapoa: karani fulani alikataa kwa sababu ulimwongezea kazi ya kuandika mara mbili, dereva fulani hakusoma ujumbe kwa sababu anatumia simu ya kubonyeza. Aliyekaa chumbani husema wote walikubali. Baada ya hapo maswali yanayofuata huwa marefu, na barua ya mwenyeji yenye muhuri haimsaidii.

Ningependa pia kukuondolea hofu kuhusu ukubwa. Wanafunzi wengi wa TEHAMA wanadhani kwamba uzamili unapimwa kwa idadi ya moduli, kwa hiyo wanaahidi mfumo wenye malipo, ramani, ripoti na akili bandia ndani ya wiki 12, na hatimaye wanawasilisha ukurasa wa kuingilia unaofanya kazi na vitufe vingine 9 visivyobonyezeka. Jopo linatafuta mambo mengine: kwamba ulijua hali ilikuwaje kabla hujagusa kitu, kwamba ulichagua ufumbuzi huu na ukaacha mwingine kwa sababu unazoweza kuzieleza, kwamba uliujaribu kwa watu wenyewe, na kwamba unaweza kusema kwa ukweli umebadilisha nini na umeshindwa nini. Ile hesabu ambayo Mzee wa Seva anakutaka uifanye kando ya printa ndiyo hali ya kabla. Ukiikosa, huwezi kurudi nyuma kuipata, kwa kuwa mara mfumo wako ukishaanza kutumika ofisi haitakuwa tena ile uliyoikuta. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwanafunzi anakuwa amefanya kazi nzuri ambayo hawezi kuithibitisha.

Kuhusu logibuku, nadhani msimamizi wako hakukasirishwa na printa bali na namna ulivyoiandika. Nimeona logibuku nyingi zenye mistari kama "Leo nilitengeneza printa, ikapona." Printa hiyo hiyo ingeweza kuandikwa hivi: "Vocha 6 za hoteli zilichelewa dakika 40 kwa sababu printa iligoma; wakati wa kusubiri, mhudumu alimsomea mteja mpango wa safari kwa simu kutoka kwenye karatasi ya jana, na baadaye ikaonekana kwamba gari lilikuwa limebadilishwa." Tukio ni lile lile, lakini mstari wa pili una swali la utafiti ndani yake. Rudi kwenye kurasa zako za wiki 4, ukumbuke yale uliyoyaona na hukuyaandika, uyaongeze kwa kalamu ya rangi nyingine na tarehe ya leo ili isionekane unaghushi.

Nakubaliana na dada wa Kiboriloni kuhusu mpaka wa wiki moja na nusu. Baada ya wiki ya 7 hata mimi nisingekuruhusu uhame, kwa kuwa mwenyeji mpya atahitaji wiki 2 za kukuzoea.

Mwanafunzi wa Usa River

Shikamoo Mzee wa Seva, shikamoo Mwalimu, na dada yangu nakushukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi. Nywila nilimrudishia mhasibu siku ile ile, akacheka, akasema hakuwa anajua kwamba ni jambo kubwa hivyo, akaibadilisha.

Nilikaa na daftari kando ya printa siku 9 za kazi. Ofisini kuna ubao mweupe mkubwa wenye safu za tarehe, magari na madereva, na kuna dada mmoja ambaye kazi yake isiyoandikwa popote ni kuhakikisha ubao ule unafanana na Excel. Mpango unapobadilika, mtu wa kwanza anabadilisha kwenye Excel, kisha anapaza sauti, kisha yule dada anainuka, anafuta jina la dereva kwa mkono wa sweta yake kwa kuwa kifutio kilishapotea, anaandika jipya, halafu mtu wa tatu anampigia dereva simu. Nilidhani shida ingekuwa Excel. Excel haina shida kubwa. Shida iko kati ya ubao na dereva: katika siku hizo 9 niliona mabadiliko ya gari au dereva mara 31, na katika hayo, mara 7 dereva hakupatikana kwa simu wakati wa kubadilisha, jambo likaachwa "tutamwambia jioni", na mara 2 kati ya hizo 7 madereva 2 walifika hoteli moja asubuhi kumchukua mgeni mmoja. Nilikuwapo siku ya mara ya pili. Yule dada alilia chooni, na wala kosa halikuwa lake.

Nilimpelekea meneja ukurasa mmoja, bila kutaja neno mfumo. Aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akaniuliza nimezipataje namba hizi. Nikamwonyesha daftari. Ijumaa alinipa dakika 45, tukaandikiana ile karatasi ya dada wa Kiboriloni, na tukakubaliana kwamba nitengeneze kitu kimoja tu: mabadiliko yakiingizwa kwenye Excel, dereva wa zamani na dereva mpya wapate ujumbe wa kawaida wa simu, wajibu kwa kuandika 1 wakiwa wameupokea, na asiyejibu ndani ya muda uliowekwa aonekane kwa rangi nyekundu kwenye skrini ya yule dada. Nimechagua ujumbe wa kawaida na si WhatsApp kwa kuwa dereva akishapita lango la Loduare kuingia Ngorongoro, na zaidi akiwa Serengeti, kuna maeneo mengi ambako intaneti haipo lakini ujumbe wa kawaida unamsubiri na kumfikia akipata mtandao hata kidogo. Na kama alivyotabiri Mwalimu, dereva mmoja mzee ameshakataa. Anasema akiandikiwa ujumbe ataonekana hajui kusoma haraka, bora apigiwe. Nimeliandika hilo kwenye logibuku.

Nina maswali 2 yamebaki. La kwanza ni kwa Mzee wa Seva: nikishaondoka, nitauachaje usife kama ile mitatu yako? La pili ni kwa Mwalimu: madereva wa kudumu ni 14, na nimeambiwa na wenzangu kwamba lazima nitumie kanuni ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji, kupata sampuli. Nimeitumia kwa kiwango cha makosa cha 0.05, ikaniletea 13.5.

Mzee wa Seva

Marahaba. Usilete seva yako wala akaunti yenye jina lako. Weka kila kitu kwenye kompyuta waliyo nayo na kwenye barua pepe ya kampuni, na salio la ujumbe lilipwe na wao tangu siku ya kwanza hata kama ni dogo, kwa sababu kitu kinacholipiwa na mwanafunzi hufa siku mwanafunzi akiishiwa. Andika kurasa 2 za Kiswahili, zenye picha, zinazoeleza mambo 4 tu: namna ya kuuwasha, namna ya kuongeza dereva mpya, namna ya kuchukua nakala rudufu, na nini cha kufanya ukigoma, ambacho kwa kweli ni kurudi kwenye simu na ubao. Kisha wiki ya 10 ujifanye mgonjwa siku 2. Usiende, usipokee simu. Yatakayovunjika siku hizo ndiyo utakayoyatengeneza wiki ya 11. Ubao wao mweupe usiuondoe, hata wakikuomba.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Marahaba, mwanangu. Kanuni ya Yamane ni ya kukusaidia pale ambapo watu ni wengi kiasi kwamba huwezi kuwafikia wote. Wewe una watu 14, wote wanapita kwenye lango moja kila wanaporudi safari, na kanuni inakuambia uwahoji 13 na nusu. Wahoji wote 14, andika kwa sentensi moja kwamba uliwafikia wote ndiyo maana hukuchukua sampuli, na uanze na yule mzee anayetaka kupigiwa simu.